Kulala Mértola kwa Fedha Kidogo



Ametuandikia baba mmoja, mzaliwa wa pwani yetu, ambaye sasa akaa Uingereza pamoja na mkewe na watoto wao wawili. Asema kwamba mwanawe mkubwa alirudi nyumbani siku moja hana raha, kwani wenziwe shuleni wamemwambia kuwa Uislamu ni mgeni katika Ulaya, umekuja juzi pamoja na watu waliokuja kutafuta kazi. Baba huyu ataka kumchukua mwanawe akaone kwa macho yake athari za Waislamu walioishi Ulaya karne nyingi zilizopita. Lakini mfuko wake ni mwepesi. Jirani amemshauri akope fedha kwa riba, aende Granada kama waendavyo watu wengi, kisha alipe polepole. Naye atuuliza: Je, afanyeje?

Jibu letu la kwanza ni fupi. Asikope. Safari ya kutafuta mazingatio haiwezi kuanzia katika jambo lililoharimishwa. Na jibu letu la pili ni refu kidogo, ndilo tulilolifanyia makala haya, maana twaona kuwa wako wengi wenye nia kama yake na mfuko kama wake. Si lazima kwenda waendako watu wote. Uko mji mdogo katika nchi ya Ureno, uitwao Mértola, ambao jamaa ya Kiislamu yaweza kulala siku 3 au 4 kwa fedha za kiasi, na ikarudi nyumbani na elimu nyingi. Kinachotakiwa ni matengenezo mema kabla ya kuondoka.

MJI WENYEWE

Mértola umo kusini mwa Ureno, katika jimbo la Alentejo, juu ya kilima kilichoegemea mto Guadiana, karibu na mpaka wa Hispania. Zamani vyombo vilipanda mto huo kutoka baharini mpaka chini ya kuta zake, na kwa hiyo ukawa mji wa biashara tangu zama za Warumi. Waarabu waliuita Martula. Waislamu waliutawala kuanzia karne ya 8 hata mwaka 1238, ulipotekwa na mashujaa wa Kikristo wa Santiago katika enzi ya Mfalme Sancho wa Pili. Yaani Uislamu ulikaa pale kwa muda upatao miaka 500. Na mwaka 1144 ngome ya mji huo ilitwaliwa na wafuasi wa Abul-Qasim Ibn Qasi, mtu wa tasawwuf aliyeinuka juu ya dola ya Murabitun. Basi mji huu si mgeni katika tarehe yetu, ingawa vijana wetu wachache tu wamepata kulisikia jina lake.

Tangu mwaka 1978 mtaalamu wa Kireno, Cláudio Torres, pamoja na wenziwe, walianza kuchimba na kuchungua ardhi ya mji huo. Kando ya ngome wamefukua mtaa mzima wa nyumba za Waislamu za karne ya 12. Mtu huona pale misingi ya nyumba, ua wa katikati, jiko, na mifereji ya maji machafu. Yote hayo ni mambo ambayo mtoto wa Lamu au wa Unguja hatayaona kuwa ya kigeni, maana nyumba iliyojifunga upande wa njia na kujifungua upande wa uani ndiyo nyumba ya bibi yake. Vyombo vilivyofukuliwa, bakuli na mitungi na taa, vimewekwa katika jumba la makumbusho ya sanaa ya Kiislamu humo humo mjini, na makusanyo hayo yahesabiwa kuwa miongoni mwa yaliyo bora katika Ureno yote.

Wilaya yote ya Mértola ina watu zaidi kidogo ya 6,000. Kwa hiyo ukishafika hulipi nauli tena. Kila mahali pafikika kwa miguu. Hapo ndipo mwenye mfuko mwepesi anapoanza kupata nafuu.

WAKATI WA KWENDA

Jambo la kwanza la kutengeneza ni wakati. Katika miezi ya Julai na Agosti joto la Alentejo ni kali mno. Mwaka 2003 joto katika jimbo hilo lilipita digrii 47. Mtoto mdogo hatazama ngome wala makumbusho katika joto la namna hiyo. Atataka maji na kivuli tu, na fedha zote zitakwenda katika vinywaji baridi. Miezi iliyo mizuri ni Machi na Aprili, na tena Oktoba na Novemba, ambapo hewa ni nzuri na vyumba vyapatikana kwa urahisi.

Mwezi wa Mei una jambo lake. Tangu mwaka 2001 wenyeji wa Mértola wameanzisha tamasha la mambo ya Kiislamu, nalo kwa desturi hufanywa mara moja kila baada ya miaka 2. Vichochoro hufunikwa vitambaa, na wachuuzi huja kutoka Maghrib na kwingineko. Ni jambo la kupendeza kuliona, lakini siku hizo mji hujaa, na chumba huwa adimu. Mwenye kutaka tamasha na akate chumba miezi mingi mbele. Mwenye kutaka bei nafuu na utulivu na aepuke siku hizo.

Wasomaji wetu wakaao nyumbani Afrika Mashariki na wakumbuke kuwa wahitaji viza ya nchi za Schengen. Ada yake tangu Juni 2024 ni euro 90 kwa mtu mzima na euro 45 kwa mtoto wa miaka 6 mpaka 11. Mtoto aliye chini ya hapo halipiwi. Maombi hupelekwa si zaidi ya miezi 6 wala si chini ya siku 15 kabla ya safari, nayo huambatana na bima ya safari isiyopungua euro 30,000. Gharama hii yataka kuhesabiwa mwanzo kabisa, kabla hata ya kufikiri chumba.

CHUMBA

Mértola hamna reli. Msafiri hufika kwa basi kutoka Lisbon au kutoka Beja, mji ulio karibu kilomita 50 upande wa kaskazini. Mabasi si mengi kwa siku, basi mtu asikate tikiti ya ndege mpaka ameitazama ratiba ya mabasi, la sivyo atajikuta amelazimika kulala Lisbon usiku ambao hakuukadiria. Na Lisbon, tangu Septemba 2024, hutozwa kodi ya mgeni ya euro 4 kwa kila usiku kwa kila mtu aliyetimiza miaka 13. Ni fedha ndogo, lakini fedha ndogo zisizohesabiwa ndizo zitoboazo mfuko.

Katika kuchagua mahali pa kulala, tusidanganywe na nyota zilizoandikwa mlangoni. Katika Ureno ziko nyumba nyingi za watu zilizosajiliwa na serikali kwa kupangisha wageni, na mlangoni huwa na kibao chenye herufi AL. Nyumba hizo aghlabu huwa nafuu kuliko hoteli, nazo nyingine zina jiko. Kwa jamaa ya Kiislamu jiko ni bora kuliko bwawa la kuogelea. Penye jiko mama aweza kupika wali na samaki, watoto wakashiba chakula wakijuacho, wala mtu hana shaka ya kilichomo chunguni.

Kabla ya kulipa, mwandikieni mwenye nyumba mumwulize mambo matano. Kwanza, bei hiyo ni ya chumba au ya kila mtu? Pili, chakula cha asubuhi kimo katika bei? Tatu, choo na maji ni vya chumba peke yake, au vya kushirikiana na wageni wengine? Hili ni muhimu kwa ajili ya udhu na sitara ya wanawake wetu. Nne, tukizuiwa na ugonjwa au viza, fedha zitarudishwa mpaka siku gani? Tano, hapo pana baa au muziki wa usiku? Majibu yawekeni kwa maandishi. Na mkidhulumiwa baada ya kufika, jueni kuwa sheria ya Ureno yamlazimu kila mwenye nyumba ya wageni kuwa na daftari la malalamiko na kumpa mgeni alitakapo. Mara nyingi kulitaja daftari hilo kwa upole kwatosha.

Na hapo chumbani pana darasa ndogo kwa watoto. Mwambieni mwanenu aulize mto wa kulalia waitwaje kwa Kireno. Ataambiwa almofada, nalo ni neno la Kiarabu, al-mikhadda. Kisha aulize mfuko wa mto waitwaje. Ataambiwa fronha, nayo ndiyo foronya ya nyumbani kwetu. Waarabu waliwaachia Wareno mto, na Wareno wakatuachia sisi foronya. Na akimsikia mwenye nyumba akisema oxalá kwa maana ya kutumaini jambo, na ajue kuwa mzee huyo, apende asipende, asema neno lililozaliwa katika inshallah.

CHAKULA

Hapa yatupasa tuwe macho. Alentejo ni nchi ya nguruwe. Nyama yake huliwa kwa namna nyingi, hata pamoja na chaza, na mafuta yake, yaitwayo banha, huweza kutiwa katika mikate na vitumbua ambavyo kwa kuvitazama huvishuku. Basi jifunzeni maneno manne kabla ya kuondoka: porco ni nguruwe, banha ni mafuta yake, toucinho ni mafuta ya mgongo wake, na vinho ni mvinyo, ambao hutiwa hata katika mchuzi wa samaki. Ulizeni bila haya. Mwenye kuuliza kwa adabu hujibiwa kwa adabu.

Nyama ya halali ni vigumu kuipata katika mji mdogo. Mwenye kuitaka na ainunue Lisbon, katika mtaa wa Mouraria na Martim Moniz, ambako Waislamu wana maduka yao. Mtaa huo wa Mouraria ndio waliotengewa Waislamu baada ya Lisbon kutekwa mwaka 1147, na jina lake latokana nao. Lakini kwa siku 3 au 4 samaki, mayai, zaituni, jibini, matunda na mikate yatosha.

Kiko chakula kimoja cha Alentejo ambacho twapenda kila jamaa ikionje, nacho ni açorda. Ni mikate iliyomenywa na kulowekwa katika maji ya moto yenye thomu, mafuta ya zaituni na majani ya giligilani, juu yake yai. Ni chakula cha mtu maskini na bei yake ni ya maskini. Lakini jina lake latokana na thurda, ndugu ya tharidi, chakula alichokipenda Mtume wetu (s.a.w.). Ulizeni tu kama maji yake hayakuchanganywa na mchuzi wa nyama.

Na mkiketi katika mkahawa, mtaletewa mikate, siagi na zaituni kabla hamjaagiza neno. Hiyo si zawadi, mkila mtalipa. Msipokula, sheria hairuhusu mtozwe. Rudisheni kwa shukrani ikiwa hamvitaki. Maji ya bomba ni salama. Chupa za nini?

SALA

Huku kwetu tumezoea kuelekea kaskazini. Huko kibla ni mashariki, kwa kuinama kidogo kusini. Chukueni dira, wala msitegemee mihrabu za kale, kwani misikiti mingi ya Andalus ilielekezwa kusini zaidi ya ilivyo kibla kwa hesabu za leo. Katika mwezi wa Juni jua huchwa karibu saa 3 usiku, na Isha huchelewa sana. Desemba Magharibi huingia kiasi cha saa 11 na robo jioni. Basi ratiba ya kutembea na ifuate sala, isiwe sala yafuata ratiba.

Mwenye kufuata madhehebu ya Shafii, akinuia kukaa chini ya siku 4 kamili, bila ya kuhesabu siku ya kuingia na ya kutoka, ana ruhusa ya kufupisha na kukusanya. Ruhusa hii ni sadaka ya Mola wetu kwa msafiri, na yafaa kukumbukwa wakati wa kuhesabu siku za kulala. Wenye shaka na wawaulize mashekhe wao kabla ya safari. Na mkitaka kusali Ijumaa, ipangeni iwe Lisbon, ambako msikiti mkuu umefunguliwa tangu mwaka 1985, na wengi wa waumini wake wa mwanzo walitoka Msumbiji, jirani zetu.

HESABU

Andikeni makadirio katika karatasi, baba na mama pamoja. Tufanye mfano tu, si bei ya mahali fulani. Jamaa ya watu 4, mbali na nauli ya ndege, imetenga euro 700 kwa usiku 4. Chumba na kisizidi euro 70 kwa usiku, jumla 280. Chakula euro 40 kwa siku, jumla 160. Mabasi kwenda na kurudi 140. Viingilio vya makumbusho na ngome 30. Na hapo ulizeni kama iko tikiti moja ya kumbi zote. Zabaki euro 90, nazo ni akiba ya dharura. Akiba hii isiguswe kwa kununua vitu vya kupendeza macho. Mkirudi nayo, ndiyo mbegu ya safari nyingine.

Ikiwa hesabu haikutimia, ahirisheni. Haba na haba hujaza kibaba, na ngome iliyosimama miaka mia kadha haitakimbia kwa sababu mmechelewa mwaka mmoja.

MBELE YA MIHRABU

Tumebakisha jambo lililo gumu kuliko yote, nalo halina bei.

Kanisa kuu la Mértola lilikuwa msikiti. Lilijengwa katika karne ya 12, zama za Muwahhidun, na baada ya mwaka 1238 likageuzwa kanisa. Paa lake lilibadilishwa katika karne ya 16, lakini msitu wa nguzo umebaki, na milango yenye tao la kiatu cha farasi imebaki, na nyuma ya madhabahu ingali pale mihrabu, na mapambo yake ya chokaa yaonekana bado. Kijana wenu atasimama hapo na moyo wake utajaa. Huenda akaona uchungu. Huenda akakumbuka kuwa Mfalme Manuel, aliyeamuru mwaka 1496 Waislamu wahame Ureno, ndiye yule yule aliyemtuma Vasco da Gama, aliyefika Mombasa na Malindi mwaka 1498. Na kwamba mwaka 1505 manowari za mfalme huyo huyo zilizipiga Kilwa na Mombasa. Huenda akataka kutandika msala na kusali hapo hapo kwa sauti.

Mwambieni asifanye. Yasimuliwa katika tarehe kuwa Sayyidna Umar (r.a.) alipoingia Baitul-Muqaddas na sala ikamfikia akiwa ndani ya kanisa, alitoka akasali nje, asije Mwislamu wa baadaye akawanyang'anya Wakristo kanisa lao kwa hoja kuwa Umar alisali ndani yake. Aliyefanya hivyo alikuwa mshindi mwenye nguvu. Basi itakuwaje kwa mgeni aliyelala usiku 3 katika chumba cha kupanga? Jengo hilo leo ni pahala pa ibada pa watu wengine. Ingieni kwa utulivu, tazameni, msipige kelele wala msichukue picha watu wakiwa katika ibada yao. Kisha tokeni, mshuke mtoni, mkasali ukingoni.

Na mwambieni kijana jambo la pili. Walioifukua mitaa ya Waislamu katika mji huo, wakaosha vigae vyake kimoja kimoja na kuviweka nyuma ya vioo, si Waislamu. Ni Wareno, wajukuu wa wale waliouteka. Sisi je, magofu ya misikiti ya kwetu, ya Gedi na Kilwa na mahali pengi pasipo jina, tumeyatunza kadiri gani? Tumewapeleka watoto wetu mara ngapi, ilhali huko hapatakiwi viza?

Wahenga wamesema, mwenda bure si mkaa bure, huenda akaokota. Baba aliyetuandikia hatakwenda bure. Akiweka nia yake sawa, akahesabu fedha zake bila riba, akachunga sala na chakula cha watoto wake, atamwonyesha mwanawe mihrabu iliyosimama Ulaya tangu zaidi ya miaka 800. Na akirudi shuleni, kijana hatakuwa na haja ya kugombana na mtu. Atasema tu, Nimeiona.

Wabillahi tawfiq.